Kozi Kumi na Nusu

Fundi wa mawe hapa Sigor, upande wa Chepalungu katika kaunti ya Bomet, hafungui kompyuta. Anachoshika ni karatasi ya A3 iliyopigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na swali lake la mapema ni hili: kozi ngapi, yaani safu ngapi za mawe, mpaka linta? Hachi, ile michirizo tunayojazia kuta na sakafu kwenye ramani, ingeweza kumjibu. Lakini wachoraji wengi huifanya pambo tu. Wanabofya ruwaza inayopendeza, wanapandisha na kushusha skeli mpaka macho yaridhike, wanachapisha.

Chukua ukuta wa mawe ya kukatwa kwa mashine, jiwe lenye urefu wa milimita 400 na kimo cha 200, mota ikiwa imehesabiwa humo. AutoCAD ina ruwaza yake tayari, AR-B816, ila imepimwa kwa bloku la inchi 8 kwa 16. Ukichora kwa milimita, kila kozi inatoka 203.2. Tofauti ya 3.2 hakuna wa kuiona, lakini ikifika kozi ya 11 imeshakuwa 35.2, na mistari haikutani tena na vimo ulivyoandika pembeni.

Heri uandike yako. Faili ya PAT, ile inayobeba ruwaza, ni maandishi matupu, na mistari mitatu inatosha:

*JIWE200, Ukuta wa mawe
0, 0,0, 0,200
90, 0,0, 200,200, 200,-200

Mstari wa pili unalaza kiungo kila milimita 200 kwenda juu. Wa tatu ndio wenye ujanja: simama digrii 90, chora 200, ruka 200, safu inayofuata isogee 200 kando na ipande 200. Viungo vya wima vinapishana kwa nusu jiwe, vile vile fundi anavyopanga. Hifadhi faili kwa jina JIWE200.pat, na usisahau kubonyeza Enter baada ya mstari wa mwisho.

Sasa jaza ruwaza hiyo kwenye mwonekano wa mbele kwa skeli 1, na chanzo chake ukiweke juu ya slabu. Usipokiweka, ruwaza itaanzia sufuri ya mchoro, na kozi ya chini itaonekana imekatwa popote pale. Ukikiweka, mchoro unaanza kukusuta: linta iliyoandikwa 2100 inaangukia kozi kumi na nusu. Ama fundi achonge kozi nzima ya nusu jiwe, ama wewe uipandishe linta hadi 2200 na kurekebisha fremu. Afadhali ugomvi huo uishie ofisini, kabla mawe hayajashushwa kwenye lori.

Kwenye mkato mambo yanageuka. Michirizo ya ANSI31, ruwaza nyingine ya AutoCAD, haina kipimo cha kitu chochote. Kazi yake ni kusema tu kwamba hapa ukuta umekatwa. Katika faili ya kimetriki nafasi yake ni 3.175, kwa hiyo mchoro wa 1:100 ukiachwa kwenye skeli 1 unatoa mistari iliyoachana kwa milimita 0.03 kwenye karatasi, yaani wino mtupu. Pandisha skeli hadi 100. Na kama mchoro wa A1 utapunguzwa kuwa A3, kumbuka nafasi hizo zitabaki nusu. Revit imetenganisha ruwaza za namna hizi mbili waziwazi: moja hufuata ukubwa wa jengo, nyingine ukubwa wa karatasi. Archicad nayo inakupa uchaguzi huo.

Kijivu cha kumwaga sikipendi. Kwenye skrini kinavutia, kwenye fotokopi kinakuwa doa linalomeza vipimo.

Paa ndilo mahali pekee ambapo ningekubali kudanganya. Mabati ya kawaida ya mawimbi yana milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Kwa 1:100 hiyo ni 0.76, na printa ya mjini itayageuza lami. Mstari mmoja kwa kila migongo minne, yaani 304, unatosha, na geji iandikwe kwa maneno pembeni.