Habitat for Humanity: jinsi riba ilivyotolewa kwenye bei ya nyumba

Familia nyingi zenye kazi na kipato cha uhakika huzeeka zikilipa kodi ya pango. Tukitafuta sababu, hukimbilia kulaumu bei ya saruji, mabati na viwanja. Mzigo mkubwa zaidi mara nyingi umejificha kwenye mkopo. Nchini Marekani, nyumba ya dola 100,000 ikinunuliwa kwa mkopo wa miaka 30 wenye riba ya asilimia 7 kwa mwaka, hulipiwa takriban dola 665 kila mwezi. Deni likiisha, mnunuzi amekwisha kutoa kama dola 239,500. Riba ikiondolewa, malipo hushuka hadi dola 278 kwa mwezi, na jumla inabaki dola 100,000. Hakuna fundi awezaye kuokoa kiasi hicho kwa kubana matofali.

Habitat for Humanity imejengwa juu ya hesabu hiyo. Shirika hili la Kikristo lilianzishwa mwaka 1976 na Millard Fuller na mkewe Linda mjini Americus, jimbo la Georgia, lakini wazo lenyewe lilizaliwa mapema zaidi katika shamba la Koinonia lililo karibu na mji huo. Shamba hilo lilianzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan, mhubiri wa Kibaptisti na msomi wa Agano Jipya, pamoja na wenzake. Weusi na weupe walifanya kazi na kula pamoja katika Georgia ya ubaguzi, na miaka ya 1950 walilipia uamuzi huo kwa kususiwa na wafanyabiashara, kupigwa risasi na kutegewa mabomu.

Fuller, mwanasheria aliyekuwa tajiri kabla ya kutimiza miaka 30, alifika Koinonia baada ya yeye na Linda kuamua kugawa mali yao. Mwaka 1968 jumuiya hiyo ilipima viwanja 42, kila kimoja nusu eka, kwa ajili ya majirani waliokuwa wakiishi katika vibanda vibovu. Jordan alifariki mwaka 1969, nyumba ya kwanza ikiwa haijakamilika. Nguzo yao ilikuwa Kutoka 22:25, andiko linalokataza kumtoza maskini riba. Wengi tumelisikia kama mawaidha. Wao waliliandika ndani ya mkataba wa mauziano.

Mfuko unavyozunguka

Wafadhili huchangia mfuko, na mfuko hujenga nyumba. Kwa mpango wa asili, familia huinunua kwa gharama ya ujenzi, bila faida wala riba, na marejesho ya kila mwezi hurudi mfukoni kujenga nyumba ya jirani. Familia huchaguliwa kwa vigezo vitatu: uhitaji wa makazi, uwezo wa kulipa, na utayari wa kushiriki kazi. Dini na rangi havimo.

Kigezo cha pili ndicho kinachoutenganisha mpango huu na sadaka. Asiye na kipato kabisa hapati nyumba hapa, maana asiporejesha, anayengoja nyuma yake hatajengewa. Kwa sababu hiyo nchini Marekani malipo hupangwa kwa kawaida yasizidi asilimia 30 ya kipato. Mara nyingi huwekwa pia rehani ya pili, ambayo haidai chochote kila mwezi lakini humzuia mwenye nyumba kuiuza mapema na kuondoka na tofauti ya bei ya soko.

Kisha kuna jasho. Familia hutoa mamia ya saa ikijenga nyumba yake na za wenzake. Ni rahisi kudhani kwamba hapa ndipo gharama inapopungua zaidi. Lakini asiye fundi huhitaji kusimamiwa, na kazi ya umeme na mabomba hubaki kwa wenye leseni. Thamani kubwa ya jasho ni kwamba mwenye nyumba anaijua nyumba yake kuanzia msingi, na anawajua majirani kabla ya kuhamia. Kujitolea huvuta pia wachangiaji. Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alipoungana na wajenzi wa Habitat mwaka 1984 kukarabati jengo la ghorofa sita la familia 19 jijini New York, nchi nzima ililifahamu shirika hilo.

Pengo lisilokwepeka

Mkopo usio na riba una gharama, na lazima mtu aibebe. Tuchukue mfumuko wa bei wa asilimia 3 tu kwa mwaka. Zile dola 278 zitakazolipwa mwezi wa mwisho wa mwaka wa 30 zitanunua vitu vya kama dola 114 za leo. Ukijumlisha malipo yote kwa thamani ya leo, mfuko uliotoa dola 100,000 unarudishiwa karibu dola 66,000. Hata kila familia ikilipa bila kukosa, theluthi moja huyeyuka.

Theluthi hiyo ndiyo zawadi halisi, na ndiyo maana matawi ya Habitat hayaachi kuchangisha na huendesha maduka ya ReStore yanayouza vifaa vya ujenzi na samani zilizotolewa bure. Anayedhani mfuko kama huu ukishaanza utajiendesha wenyewe ataukuta mtupu.

Kwetu Afrika swali hili ni zito zaidi. Akina Fuller waliujaribu mpango huu Mbandaka, Zaire, kati ya mwaka 1973 na 1976, na mwaka 1982 Habitat ikaanza kazi Kenya. Pale sarafu inaposhuka haraka, kiasi kisichobadilika hugeuka kuwa chenji katika miaka michache. Baadhi ya programu zilijibu kwa kufungamanisha marejesho na bei ya mfuko wa saruji, ili malipo ya leo yanunue kiasi kile kile cha vifaa kesho. Huko si kurudisha riba kwa mlango wa nyuma. Ni kulinda haki ya familia iliyo kwenye foleni.

Makanisa yetu mengi yana ardhi, yana waumini mafundi, na yana desturi ya harambee na msaragambo. Yanayotaka kujenga kwa njia hii yaanze na mambo matatu: akaunti ya mfuko iliyotenganishwa na matoleo ya Jumapili, kamati inayothubutu kumdai hata mzee wa kanisa, na marejesho yanayofuata bei ya vifaa. Huruma itachangisha fedha za nyumba ya kwanza. Nyumba ya kumi itategemea vitabu vya hesabu vilivyotunzwa kwa uaminifu, na utunzaji huo nao ni huduma ya kanisa.