Feni Inazunguka, Gari Bado Linachemsha

Gari linalochemsha kwenye foleni ya Ubungo na kupoa likishaachia mwendo kuelekea Kibaha lina tatizo lake. Linalopita foleni zote salama halafu likachemsha katikati ya Mlima Kitonga lina tatizo jingine kabisa. Ajabu ni kwamba gereji nyingi za mtaani huyatibu yote mawili kwa namna moja: themostati inang'olewa, feni inaungwa dairekti, mwenye gari anaambiwa aendelee na safari.

Tofauti iko kwenye upepo. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, hewa inajisukuma yenyewe ndani ya rejeta na feni haina kazi kubwa. Likisimama, upepo wote unatoka kwenye feni. Kwa hiyo linalochemsha likiwa limesimama, anza na feni na umeme wake. Linalochemsha kwenye mwinuko, injini ikivuta kwa gia ndogo na moto ukiwa mwingi, tafuta maji yasiyotembea: rejeta iliyoziba kwa chumvi ya maji ya kisima, pampu iliyolika mapanga, au mpira wa chini unaonywea injini ikivuta. Na linalopunguza maji kila siku bila kuvuja popote, huku rejeta ikitoa mapovu mara tu injini inapowashwa, hilo lielekee kwa fundi wa silinda hedi. Feni yake haina kosa.

Corolla 110 ya jirani yangu, yenye injini ya 5A-FE, ilikuwa ya kundi la kwanza. Ilichemsha jioni tu, kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Fundi wa kwanza aliweka taa ya kupimia kwenye plagi ya feni, taa ikawaka, akahukumu kwamba umeme upo na mota imekufa. Ikanunuliwa feni ya mtumba. Ikafanya kazi siku chache, ikasimama. Fundi wa pili hakutaka maneno mengi: akaunga feni dairekti, izunguke kila swichi ya gari inapofunguliwa, na akatoa themostati "ili maji yatembee vizuri". Kuanzia hapo mshale ukaanza kupanda hata barabara kuu, jambo ambalo gari hilo halikuwahi kulifanya.

Hapo ndipo penye fundisho lote la kesi hii. Matengenezo yanapohamisha tatizo kutoka foleni kwenda barabara kuu, yameongeza kitu kibovu ambacho hakikuwepo. Tulifungua boneti, tukafungua swichi, feni ikaanza kuzunguka kwa nguvu na kelele za kutosha kumridhisha yeyote. Kisha tukashika karatasi laini mbele ya rejeta, upande wa grili. Feni ya Corolla imekaa nyuma ya rejeta, kwa hiyo kazi yake ni kuvuta hewa, na karatasi ilipaswa kunasa kwenye matundu. Badala yake ilipeperuka kuelekea barabarani.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Mota ya feni hutumia umeme wa betri, ukibadilisha chanya na hasi inageuza mwelekeo bila kulalamika, na aliyeunga dairekti alikuwa ameiruka plagi na kuzipishanisha nyaya. Kwenye foleni ilisukuma hewa ya moto ya injini kurudi kwenye rejeta. Kwenye mwendo ilipigana na upepo uliokuwa unaingia. Jicho haliwezi kuliona hilo kirahisi, karatasi inaliona mara moja.

Themostati nayo ilikuwa na sehemu yake. Wengi huiona kama kizibo tu, kwamba ukikitoa njia inakuwa nyeupe. Lakini katika injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani upande wa nyuma: inapofunguka kuruhusu maji ya rejeta, kisahani hicho hufunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Asubuhi injini inachelewa kupata joto na inakunywa petroli kupita kiasi, mchana wa jua kali inazidiwa. Nimesikia mafundi wenye uzoefu mkubwa wakiitetea tabia hii kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini haijui nchi. Themostati ya Toyota ya kawaida hufunguka karibu na nyuzi 82, Dar es Salaam hata Tokyo.

Baada ya kuondoa nyaya za dairekti, tukarudi kwenye mfumo wa kiwandani. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina swichi ya joto yenye waya mmoja, na hapa wengi hupotea. Maji yakiwa ya baridi swichi imefunga, na feni imezimwa. Maji yakifika karibu nyuzi 93 swichi inaachia, feni inawaka. Maana yake ni kwamba waya ukikatika, feni inazunguka muda wote badala ya kufa, na injini inasalimika. Fundi aliyezoea Honda, ambako ukiunganisha nyaya mbili za swichi feni huwaka, akiugusisha waya wa Toyota kwenye bodi hapati kitu, na anaishia kuilaumu rilei.

Tulizima kiyoyozi, maana kikiwaka huwasha feni kwa amri yake, tukachomoa waya wa swichi ya joto. Rilei ikalia "tik" chini ya kidole. Feni haikusogea. Kipimo cha volti kwenye plagi yake kilisoma 12 plagi ikiwa imechomolewa. Feni ilipochomekwa na kipimo kushikwa kwa nyuma, kikashuka vibaya. Plagi ilipofunguliwa, plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, na pini moja imeungua hadi kuwa nyeusi. Taa ya fundi wa kwanza haikudanganya: balbu ndogo inaridhika na umeme kidogo unaopenya kwenye pini iliyoungua, mota ya feni inataka mkondo mkubwa mara nyingi zaidi. Feni ya mtumba nayo ilifanya kazi siku chache kwa sababu plagi ilitikiswa wakati wa kuichomeka. Huenda mota ya awali, iliyotupwa, ilikuwa nzima.

Plagi mpya, waya wenye unene ule ule wa zamani, themostati mpya, maji yenye kulanti, na hewa kutolewa huku hita ikiwa wazi. Kazi ikaisha.

Tulibadilisha pia kifuniko cha rejeta, kwa sababu gari hilo husafiri Mbeya. Kifuniko kizuri, chenye alama ya 0.9, hushikilia shinikizo linalofanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118 kwenye usawa wa bahari. Springi yake ikichoka, maji yanachemka kwa nyuzi 100 pwani na takriban 94 Mbeya, yaani kiasi kile kile ambacho feni ndiyo kwanza inaamka. Gari la namna hiyo litasifiwa Dar es Salaam na kuaibika Uyole.

Usiutegemee sana mshale wa dashibodi. Katika magari mengi hukaa katikati kwa viwango vingi vya joto, na ukianza kupanda umeshachelewa. Maji yakimwagika yote, sensa hubaki hewani na mshale unaweza hata kushuka, huku hedi ikipinda.

Kwa hiyo unapochukua gari gereji baada ya kazi ya feni, usikubali kuonyeshwa inavyozunguka. Zima kiyoyozi, acha injini iungurume gari likiwa limesimama, usiguse kifuniko cha rejeta, na usubiri. Feni iwake yenyewe, karatasi inase kwenye grili, na baada ya muda izime yenyewe. Isipofanya yote matatu, kazi haijaisha, na usilipe bado.