Nyota Gani, Upishi Gani?

Mwaka 2006 BBC ya Uingereza ilianza kuonyesha Celebrity MasterChef, mashindano ya upishi ambamo washindani ni watu waliojipatia sifa kwa mambo mengine kabisa. Mshindi wa kwanza, Matt Dawson, alijulikana kwa mchezo wa raga. Mfasiri akikiita kipindi cha namna hii "mashindano ya nyota wa upishi", atakuwa amepotosha maana. Nyota wa upishi ni mpishi hodari. Dawson alikuwa nyota wa uwanjani. Heri kusema "mashindano ya upishi ya watu mashuhuri", ingawa ni refu.

"Televisheni ya uhalisia" nayo inatutatiza. Wahakiki wa fasihi wamekwisha kulitumia neno uhalisia, tena kwa maana mahususi; na picha zilizokatwa na kuungwa upya haziwezi kudai kuwa ndiyo hali halisi. Sisi tungependelea "kipindi kisichoigizwa", kwani hakiahidi zaidi ya kilichomo.

Lakini hasara kubwa imo katika vitenzi. Mfasiri asiyejali huandika "kupika" kila mahali, na akichoka, "kuchoma". Kumbe muhogo hupwazwa kwa maji matupu, samaki hubanikwa juu ya makaa, mchuzi huungwa kwa nazi, mkate huokwa, wali hupaliwa makaa juu ya mfuniko. Majaji huhukumu kwa tofauti za namna hiyo hiyo. Mtazamaji asipozisikia hawezi kujua kwa nini mshindani ametolewa.