Mikono Iliyonyooshwa: Waongozaji wa Filamu na Mwokozi Tunayemtamani

Washarika wanajua jambo hili bila kufundishwa: wahubiri wawili wakipewa somo lilelile, Jumapili ileile, hawatoi mahubiri yaleyale. Chukua habari ya Zakayo. Mhubiri mmoja atasimama chini ya mkuyu pamoja na umati, akimtazama mtoza ushuru kwa hasira na kuhesabu fedha alizowanyang'anya watu. Mwingine atapanda mtini pamoja naye, atuonyeshe jinsi mtu mfupi aliyechukiwa na mji mzima anavyoona aibu na shauku kwa wakati mmoja. Maneno ya Luka hayakubadilika. Kilichobadilika ni mahali mhubiri alipotusimamisha.

Filamu nazo ziko hivyo. Mwongozaji ndiye anayeamua kamera isimame wapi, mwigizaji aonekane kwa mbali au kwa karibu, tukio liende haraka au polepole, muziki uingie lini, na picha ya mwisho iwe ipi. Hadithi yaweza kuwa imeandikwa na mtu mwingine miaka mingi iliyopita, lakini mwongozaji ndiye anayetushika mkono na kutupeleka pale tutakapoitazamia.

Katika insha hii nataka tuangalie filamu za aina mbili ambazo vijana wetu wanazipenda mno: bunilizi za kisayansi, zenye sayari za mbali na nyakati zijazo, na filamu za mashujaa wenye nguvu kupita za binadamu. Wanazitazama kwenye simu, au kwenye vibanda vya video, mara nyingi sauti ya mtafsiri ikisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Nimezichagua kwa sababu nyingi kati yake zinahusu wokovu. Watu wako hatarini, hawawezi kujiokoa, na anatokea mmoja. Mkristo akitazama hadithi ya namna hiyo ana haki ya kuuliza: mwokozi huyu ni wa namna gani, na mwongozaji ananifundisha kumtamani mwokozi wa namna gani?

Kitabu kimoja, masihi wawili

Mwaka 1965 Mmarekani Frank Herbert alichapisha riwaya iitwayo Dune. Inamhusu Paul Atreides, kijana wa ukoo wa kitawala anayekimbilia jangwani baada ya baba yake kuangamizwa na maadui. Huko anawakuta Fremen, watu walioonewa muda mrefu, ambao wanamsubiri masihi kutoka ulimwengu mwingine. Linaloshtua ni kwamba tumaini hilo lilipandwa kwa makusudi. Jumuiya ya siri ya wanawake wenye mipango mirefu ya kutawala ilieneza unabii huo vizazi vingi kabla, ili siku moja uwafae. Herbert mwenyewe alieleza kwamba alikusudia kuwaonya watu juu ya viongozi wenye mvuto mkubwa.

Mwaka 1984 mwongozaji David Lynch alikigeuza kitabu hicho kuwa filamu. Lynch alikuwa msanii wa ndoto: picha zake ni za ajabu, zenye vivuli vizito na sauti za mawazo zinazonong'ona. Mwisho wa filamu yake, Paul akiwa ameshinda, mvua inanyesha juu ya sayari ile isiyojua mvua, na dada yake mdogo anamtangaza kuwa ndiye aliyengojewa. Mvua hiyo haimo katika mwisho wa kitabu. Ni kweli kwamba Lynch hakuwa na kauli ya mwisho juu ya uhariri, na baadaye hakuifurahia kazi hiyo. Lakini filamu kama ilivyotufikia haimwachii mtazamaji nafasi ya kuuliza lolote. Mbingu zimejibu, kwa hiyo Paul ni masihi kweli.

Kisha akaja Denis Villeneuve, Mkanada kutoka Quebec, akakifanya kitabu hichohicho kuwa filamu mbili, za mwaka 2021 na 2024. Yeye ni mwongozaji wa subira na ukimya. Hupenda kuonyesha vyombo vikubwa kama milima na chini yake watu wadogo kama sisimizi, halafu ghafla huisogeza kamera karibu kabisa na uso wa mtu mmoja. Katika filamu ya pili uso huo ni wa Chani, msichana wa Fremen anayempenda Paul. Kitabuni Chani ni mwandani mwaminifu. Villeneuve amemfanya mwenye mashaka, mtu anayemwona mpenzi wake akigeuzwa mungu na kuona pia watakaolipa gharama.

Kuna mzee mmoja, Stilgar, ambaye kila afanyalo Paul kwake ni ishara. Paul akikana kwamba yeye ndiye, mzee anasema unyenyekevu huo ndio uthibitisho. Mwanzoni watazamaji hucheka. Baadaye kicheko kinakatika, kwa kuwa mzee yuleyule, kwa imani ileile, yuko tayari kufa na kuua. Filamu inafikia mwisho wakati majeshi yanapanda vyombo kwenda vitani kwa jina la masihi wao, naye Chani anaondoka peke yake kwenda jangwani. Picha ya mwisho ni uso wake. Hakuna mvua.

Bwana Yesu alituonya, katika Mathayo sura ya 24, kwamba watatokea makristo wa uongo wenye ishara kubwa. Villeneuve hahubiri Injili, wala hatumwombi afanye hivyo. Lakini ametusimamisha kando ya mtu anayeuliza, wakati Lynch alituacha katikati ya umati unaoshangilia. Kwa kanisa hiyo si tofauti ndogo.

Mikono ya umati

Mfano wa pili unahusu ishara tunayoifahamu sana: mtu aliyenyoosha mikono yake miwili.

Superman alibuniwa na vijana wawili wa Kiyahudi wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, na akaanza kuchapishwa mwaka 1938. Mtoto anawekwa chomboni na wazazi wake ili aokoke kwenye maangamizi, halafu analelewa na watu wa nchi ngeni. Wengi wameona hapo kivuli cha Musa ndani ya kisafina. Waongozaji wa baadaye waliongeza kivuli cha Kristo, na hakuna aliyekitia wino mwingi kama Zack Snyder katika filamu Man of Steel ya mwaka 2013. Superman wake ana umri wa miaka 33. Anaingia kanisani kumwuliza kasisi ushauri, na nyuma ya bega lake linaonekana dirisha la vioo vya rangi lenye picha ya Yesu akiomba Gethsemane. Baadaye anatoka katika chombo cha adui akielea angani, mikono imenyooshwa kama msalaba. Kampuni ya Warner Bros. iliyoitoa filamu hiyo iliwaalika wachungaji wa Marekani waitazame, na ikawaandalia hata muhtasari wa mahubiri.

Mchungaji aliyepokea muhtasari ule angefanya vema kwanza kuangalia kamera ilipo. Snyder ni mchoraji wa nguvu. Hupunguza mwendo ili misuli, ngumi na vumbi vionekane kama sanamu, na mara nyingi hutuweka chini tukitazama juu. Pambano la mwisho linabomoa sehemu kubwa ya mji, na watu tunaowaona mitaani wamejaa vumbi, nyuso zao zikielekea mbinguni. Katika filamu yake iliyofuata, ya mwaka 2016, Superman anamwokoa msichana katika moto huko Meksiko. Umati unamzunguka, na mikono mingi inamnyooshea ili angalau imguse. Snyder anajua kwamba picha hiyo inatisha. Filamu yenyewe inauliza kama ni salama kumwamini mwenye nguvu kiasi hicho, na mwishoni shujaa anakufa kwa ajili ya wengine. Tumpe haki yake. Hata hivyo jicho lake linapenda kile ambacho akili yake inakitilia shaka. Swali linaulizwa kwa maneno, lakini picha inatufundisha kupiga magoti mbele ya nguvu.

Linganisha na Sam Raimi katika Spider-Man 2 ya mwaka 2004. Raimi alijulikana kwanza kwa filamu za kutisha za fedha kidogo, na huko alijifunza kwamba hofu na huruma hukaa usoni mwa mtu wa kawaida. Katika tukio mashuhuri la filamu hiyo, treni iliyojaa abiria inakwenda kasi bila breki kwenye reli ya juu mjini New York. Peter Parker anasimama mbele ya behewa la kwanza, anarusha nyuzi zake kwenye majengo ya pande zote mbili, na mikono yake inavutwa huku na huku. Naye yuko kama msalaba. Lakini barakoa haipo usoni, vazi linachanika, na tunamwona akipiga kelele za maumivu. Treni inasimama, naye anazimia na kuanza kuanguka mbele.

Hapo Raimi anafanya jambo ambalo Snyder hakulifanya. Mikono inatoka ndani ya treni na kumdaka. Abiria wanambeba juu ya vichwa vyao, wanamlaza sakafuni taratibu, na mmoja wao anashangaa kwamba huyu ni kijana tu, rika la mwanawe. Watoto wawili wanamrudishia barakoa yake na kuahidi kutunza siri. Adui anapofika, watu hao wasio na nguvu yoyote wanasimama mbele yake kumkinga kijana. Kamera haiko chini ikitazama juu. Iko ndani ya behewa, miongoni mwa abiria.

Umati wa Snyder unanyoosha mikono ili kupata kitu kwa mwokozi. Umati wa Raimi unanyoosha mikono kumbeba aliyeumia kwa ajili yao, na kwa kumbeba wanakuwa jamii. Tukio la pili linanikumbusha usharika ulivyotakiwa kuwa.

Utukufu na msalaba

Mwezi Aprili 1518, mjini Heidelberg, Martin Luther alitofautisha wanateolojia wa namna mbili. Wa utukufu humtafuta Mungu katika yanayong'aa: nguvu, mafanikio, ushindi unaoonekana. Wa msalaba humtafuta pale Mungu mwenyewe alipochagua kujulikana, katika udhaifu na mateso ya Kristo. Tunalifundisha jambo hili kipaimara, tena tunalisahau upesi, kwa kuwa macho yetu yamezoea kufuata mwanga.

Wala hili si suala la sinema pekee. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakati umati katika ibada ya uwanjani ulipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Sitaki kuwahukumu marehemu wale. Watu wanaokimbilia miujiza mara nyingi wamebeba magonjwa, madeni na ndoa zilizovunjika, na mara nyingi sisi wa makanisa ya zamani hatukuwapa hata sikio. Lakini ni lazima tuulize ni nani aliyewafundisha watu wetu kwamba wokovu uko pale penye jukwaa la juu na taa nyingi, na kwamba asiyewahi kufika amekosa. Picha zinafundisha. Kijana akitazama kwa miaka kumi mwokozi anayeshuka kutoka juu na kumaliza tatizo kwa ngumi moja, atamtafuta mwokozi wa namna hiyo pia siku ya Jumapili. Na akimkosa kwetu, atampata kwingine.

Sishauri wazazi wazime televisheni. Nashauri wakae na watoto wao, watazame pamoja, kisha waulize. Kamera imetuweka wapi: chini ya shujaa, au kando ya wanaoumia? Watu wa kawaida katika filamu hii wana kazi gani zaidi ya kupiga kelele? Nani ana ruhusa ya kuwa na shaka, na anatendewaje? Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyajibu maswali hayo. Akishazoea kumwuliza mwongozaji wa filamu, hatashindwa siku moja kuyauliza kwa mhubiri, nami nikiwemo.

Tukishamsifu Raimi tukumbuke pia mpaka wake. Spider-Man si Kristo, na treni ile haiondoi dhambi ya mtu. Mashujaa wote hawa, wawe wa Snyder au wa Raimi, hatimaye hutuokoa kwa kuwa wana kitu tusichokuwa nacho, nasi tunabaki watazamaji. Bwana wetu alipofufuka aliwatokea wanafunzi waliokuwa wamejifungia kwa hofu, na alipowaonyesha kwamba ni yeye, hakuonyesha uwezo wa kuruka wala mwili usiopenywa na risasi. Aliwaonyesha mikono yake. Makovu yalikuwapo bado. Tomaso, mwenye shaka, aliitwa asogee karibu, akaruhusiwa kugusa.