Pongezi kwa Jumuiya ya MBOMIPA

Katika tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, pale barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ipitapo kandokando ya majaruba ya mpunga, pana jumuiya istahiliyo heshima kubwa, nayo ni MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, iliyoviunganisha vijiji vya tarafa hizo mbili baada ya Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 kuwafungulia wanavijiji mlango wa kusimamia malihai katika ardhi yao wenyewe. Si kazi sahali, kwani Mhehe, Mbena, Mgogo, Msangu na Mmasai wanaishi hapo pamoja, mkulima akitaka maji na mfugaji malisho, na tembo, asiyejua mpaka, akishuka usiku shambani; hata hivyo wameridhia kukaa baraza moja na kutenga ardhi, ili mapato ya uwindaji na utalii yawe ya wote. Nami huwastahi zaidi askari wa wanyamapori wa vijiji, wana wa wakulima hao hao, ambao kwa ujira haba huingia porini kwa miguu, wakifuata nyayo za majangili, huku mpunga wao ukingoja palizi.