Kina cha Bahari katika Mchezo wa Ubao

Apitaye jioni katika miji ya Mrima, tangu Bagamoyo hadi Pangani, aghalabu hupita mbele ya kibanda cha gemu bila ya kugeuza shingo. Ndani huchezwa mpira wa miguu: vijana wawili wameshika pedi, wengine wamesimama nyuma yao, na kila mmoja ni hakimu. Wapenzi wa ushairi hawana mazoea ya kutafuta kitu humo. Hata hivyo, miongoni mwa kazi zilizotungiwa mashine hizo imo moja inayostahili kutazamwa kwa jicho lile lile linalosomea utenzi. Nayo ni Tony Hawk's Pro Skater 2, iliyotungwa na Neversoft ya California na kutolewa na Activision mwaka 2000.

Mchezo wa kwanza, wa mwaka 1999, ulikuwa kama diwani ya beti pweke. Mchezaji hupewa dakika mbili kupanda ubao wa magurudumu, kuruka ngazi, kuteleza juu ya reli na kujizungusha hewani. Kila mbwembwe ilipendeza, lakini ubao ukishagusa ardhi tambarare hesabu hufungwa na mengine huanza upya. Toleo la pili liliongeza jambo dogo: mchezaji aweza kuinua pua ya ubao na kwenda kwa magurudumu mawili ya nyuma, akisawazisha mwili asianguke, hadi afike kwenye reli nyingine. Wenyewe huliita manuali. Kwa jambo hilo moja, mbwembwe zilizotengana zikashonwa kwa uzi.

Wasomaji wa tenzi hawana haja ya kufafanuliwa sana. Katika ubeti, vipande vitatu vya mwanzo hupatana vina vyao na kuishia hapo hapo. Cha nne hubeba kina cha bahari, kinachosafiri hadi ukomo wa kazi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa mwaka 1307 Hijria, alikuwa na mengi ya kusimulia juu ya vita ambavyo kiongozi wake, Bushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kina hicho ndicho kinachomzuia msomaji asishuke chomboni njiani. Manuali hufanya kazi hiyo hiyo. Tena sheria za mchezo ni kali kama za washairi wa kale: alama hujumlishwa, kisha huzidishwa kwa idadi ya mbwembwe zilizounganishwa; anayerudia mbwembwe ile ile hupunguziwa thamani yake, kama mshairi anayerudia neno lile lile ili kupata kina; na anayeanguka kabla ya kutua hupoteza yote.

Hapo ndipo penye mizani ya kuyapimia matoleo yake mengi, kwani kazi hii ilihamishwa kutoka mashine hadi mashine kwa mikono tofauti. Ile ya Dreamcast, iliyoshughulikiwa na Treyarch mwishoni mwa mwaka 2000, ina picha safi kuliko ya PlayStation, na wengi waliishangilia kwa sababu hiyo tu. Usafi huo ni wa karatasi na wino. Ile ya Nintendo 64, ya mwaka 2001, ilibidi ipunguziwe muziki kwa kuwa kaseti ya mashine hiyo ina nafasi ndogo. Ni hasara, lakini uzi haukukatika. Kwenye Game Boy Color, hali ni nyingine. Jina lipo, wachezaji wapo, ila kilichosalia ni utenzi uliosimuliwa kwa nathari: matukio yote yamo, mizani haimo.

La kustaajabisha ni Game Boy Advance. Kampuni ya Vicarious Visions ilipewa mwaka 2001 kioo chenye upana wa nukta 240 na urefu wa nukta 160, na vifungo vichache. Haikujaribu kuiga sura ya toleo kubwa. Iliulaza uwanja mshazari, ukatazamwa kama mtu aliye ghorofani atazamavyo uani, na ndani ya sura hiyo ngeni ikahifadhi mwendo wote. Utenzi wa Hemedi nao uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha J.W.T. Allen akauchapisha kwa herufi za Kirumi mwaka 1955. Ukurasa ulibadilika, bahari ikabaki. Anayedai kuwa toleo la mashine ndogo ni la masikini hajalicheza.

Linalosikitisha ni kuwa vibanda vya pwani vimeupa mpira nafasi kubwa mno, ilhali mchezo huu una namna ya kushindana uitwao Horse, ambayo ni malumbano halisi. Mmoja hutunga mbwembwe, mwenzake hana budi kumjibu kwa iliyo bora. Akishindwa hupewa herufi, na neno likitimia ameshindwa. Hadhira ya kibandani isingehitaji mkalimani.

Kasoro zake zipo. Miji yake, New York na Marseille, haina wenyeji wa maana. Ni saruji iliyowekwa irukwe. Kijana wa Bagamoyo, mwenye mchanga na mawe ya matumbawe, hana pa kuyafanyia hayo, japokuwa akishacheza hataitazama tena ncha ya baraza kwa jicho la zamani. Vijana wa Kitintale, Kampala, walijijengea uwanja wao wa saruji mwaka 2006.

Toleo la tatu, la mwaka 2001, liliongeza njia ya kuunganisha hata mbwembwe za kwenye kuta za mteremko. Uzi ukawa hauna mwisho, na mtunzi hodari akaweza kuzimaliza dakika zake mbili bila ya kuvuta pumzi. Wengi waliona ni maendeleo. Ubeti usio na kikomo, lakini, si ubeti. Vicarious Visions hao hao walipoyafufua matoleo mawili ya mwanzo mwaka 2020, waliuingiza uzi huo mrefu katika viwanja vya zamani, na viwanja hivyo, vilivyopimwa kwa pumzi fupi, vikaonekana vidogo ghafla. Anayetaka kuiona kazi ilipokuwa imekaza barabara na aitafute diski ya mwaka 2000, kwa PlayStation ya kwanza, hata kama kioo kina chenga.