Vifundo 25,511

Mwaka 2004, jarida la The Mathematical Intelligencer lilichapisha maelekezo ya kufuma kwa kroshia. Walioyaandika walikuwa wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, Hinke Osinga na Bernd Krauskopf, na walichokifuma ni uso ambao hadi hapo ulikuwa ukitazamwa kwenye skrini tu.

Uso huo unatoka katika milinganyo mitatu ya Edward Lorenz ya mwaka 1963, iliyorahisisha mwendo wa hewa inayopashwa joto kutoka chini. Njia nyingi za mfumo huo hazitulii: huzunguka mara kushoto, mara kulia, na kuchora umbo la kipepeo. Lakini zipo nukta ambazo ukianzia hapo utavutwa hadi nukta ya sifuri na kutulia. Zikusanye zote, utapata uso mmoja uliopinda na kujiviringisha. Hauna fomula ya kuuandika. Huhesabiwa kipande kwa kipande.

Programu yao ilianza na kiduara kidogo kuzunguka sifuri, ikaongeza duru nje ya duru. Nukta mbili jirani zikiachana mno, ilipachika mpya katikati. Zikisongamana, iliondoa moja. Anayefuma vitambaa vya makochi ameshaitambua kazi hii. Vifundo vikiongezwa kwa kiasi, kitambaa hulala bapa. Vikipungua, hujikunja kama kofia. Vikizidi, pindo hupiga mawimbi. Osinga, aliyejua kroshia tangu utotoni, aliona kwamba orodha ya nukta ilikuwa tayari maelekezo ya kufuma: nukta ni kifundo, nukta mpya ni kifundo cha kuongeza.

Alifuma vifundo 25,511 kwa takriban saa 85. Alipomaliza, mkononi alikuwa na kitu kilicholegea, kisicho na sura. Sura ilikuja waya ulipopitishwa ndani yake na kukinyoosha, kikawa na upana wa karibu mita moja.

Kulegea huko ndiko kunakonishika zaidi. Hakuna duru inayojua umbo zima. Kila kifundo kinajua jirani zake tu, sawasawa na programu ilivyofanya kazi. Picha ya kompyuta hupakwa rangi laini na kuufunika wavu wa hesabu, msomaji akabaki na matokeo bila kazi. Kwenye uzi, kila palipoongezwa kifundo panaonekana, na pale ndipo hesabu ilipolazimika kuongeza nukta. Kwa hiyo sikubali kukiita kitambaa hiki pambo la utafiti. Ni kumbukumbu ya utafiti wenyewe, hatua kwa hatua, na kidole kinaweza kuifuata.

Maelekezo yalichapishwa yote, duru kwa duru, na watafiti hao wakaahidi chupa ya champagne kwa wa kwanza atakayefuma cha pili. Katika hisabati ya kompyuta ni nadra mtu asiye na programu wala mtambo kualikwa kurudia hesabu nzima. Hapa alihitaji uzi, sindano ya kroshia na subira.